M ya Chaki

Shemeji yangu hakuwa mtu wa maneno mengi, hata kwenye mbao. Akitaka kujikumbusha jambo aliandika herufi moja kwa chaki, basi, akaendelea na kazi. J ilikuwa juu, C ilikuwa chini, na B aliiandika pale bawaba za mlango zitakapokaa. Kulia na kushoto zilimsumbua kwa sababu zote zinaanza na K, na mwanzoni mwa ndoa yake aliwahi kumtengenezea mwalimu mmoja kabati ambalo milango yake yote miwili ilifungukia upande mmoja. Tangu hapo akawa anaandika KL na KS. Nilimcheka miaka mingi kwa kabati lile. Sasa natamani na M nayo ingemwaibisha mapema kwenye kabati la mtu, kabla haijafika kwenye tela ya dada yangu.

Watu wanamwita Kipimo. Ni mwembamba, nyusi zake zina unga wa mbao hata siku ya mapumziko, na kidole gumba cha kushoto hakina kucha, maana kilikutana na msumeno siku alipokuwa akijifunza kazi kwa mjomba wake. Hupima kila kitu mara tatu. Kuna mteja alikwenda kuagiza kitanda, akaambiwa alale sakafuni apimwe, na alipoinuka akaambiwa alale tena. Kabla ya kuukata ubao wowote huugonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasikiliza. Mimi nilikuwa nikimwambia anaubishia hodi ubao, siku moja utamwitikia karibu.

Nilikuwa na haki ya kumtania. Mimi ni mdogo wake mkewe, na duka langu limepakana na karakana yake. Katikati kuna ukuta wa mabati tu. Nauza misumari, bolti, makufuli na gundi. Jina langu mtaani ni Misumari, na wengine wanasema sikulipata kwa bidhaa, nililipata kwa mdomo. Kipimo akiwa anapiga randa upande wake, nami nipo upande wangu, tulikuwa tukirushiana maneno kupitia mabati kutwa nzima. Aliwahi kuwaambia wateja wangu kwamba alipokuja kuposa kwetu alipewa achague, akasikia sauti yangu ikitoka jikoni, akamchukua dada mbio mbio.

Upande wa pili wa karakana alikuwepo Cheche, mchomeleaji. Mtu mzuri, mcheshi, mwenye matundu ya moto kwenye kila shati. Macho yake yalikuwa ya chuma. Chuma angekwambia kina ufa mahali ambapo wewe huoni hata mkwaruzo, lakini ubao kwake ulikuwa ni kitu kinachoshika moto kikiwa karibu na kazi yake, hakuna zaidi.

Dada yangu aliuza maji. Alikuwa na pikapu kuukuu na tela, na juu ya tela tangi la lita elfu moja. Kila asubuhi alikwenda kujaza kwenye kisima cha pampu, kisha akapita mitaa ambayo mabomba yake yalikauka zamani. Akifika mahali alisimamisha gari, akapanda nyuma ya tela, akafungua bomba la tangi na kujaza ndoo za watu huku amesimama kwenye mbao. Tela hiyo ilikuwa na mbao nane, zimelazwa kutoka ubavu hadi ubavu juu ya vyuma vitatu. Tano zilibeba tangi, tatu zilimbeba yeye. Maji yalidondokea mbao hizo hizo, siku nenda siku rudi, miaka sita.

Alimwomba mumewe azibadilishe. Aliomba kwa upole, akaomba kwa hasira, akaomba kwa kununa. Kipimo alikuwa na milango ya watu, madirisha ya watu, meza za watu, na kila mara alijibu, "Yako nitaifanya kwa nafasi, niifanye vizuri." Dada akawa anawaambia wateja wake kwamba mke wa seremala ndiye mtu pekee anayesimama kwenye mbao zinazolia. Watu walicheka. Nami nilicheka.

Siku moja kisigino chake kilikanyaga kwa nguvu ubao mmoja wa nyuma, na kwa chini yake kikameguka kipande kikubwa kama kiganja, kikaanguka. Alikiokota, akakileta nyumbani, na mumewe alipokaa kula akamwekea kile kipande kwenye sahani na kukifunika kwa kawa. Kipimo alifunua. Nilikuwepo, nikaangua kicheko mpaka machozi, lakini yeye hakucheka. Alikichukua, akakiminya kwa vidole viwili, kikasagika. Akakaa akiutazama ule unga kwenye vidole vyake, na chakula hakukigusa.

Kesho yake asubuhi tela iliingizwa uwanjani, tangi likashushwa, na Kipimo akajilaza chini yake na bisibisi. Nilichutama pembeni nione. Mbao huoza kwa chini, pale zinapokalia chuma, kwa sababu maji hunasa hapo na jua halifiki. Juu zote nane zilikuwa na sura moja, rangi ya kijani iliyopauka na matope. Chini alizichoma moja moja. Kwenye nyingine bisibisi iligoma. Kwenye nyingine iliingia mpaka kwenye mpini bila kelele yoyote, na aliichomoa ikiwa imelowa.

Alipotoka chini uso ulikuwa umemshuka.

"Shemeji," aliniambia, "dada yako amekuwa akisimama juu ya rangi tu."

"Na tangi?"

"Na tangi. Siku moja lingekwenda naye."

Hapo mteja akaniita dukani. Nilimwacha anatoa chaki mfukoni.

Mbao mbovu zilikuwa nne, na nzima zilikuwa nne. Laiti zingekuwa tatu na tano! Kipimo alikata mbao mpya nne kutoka kwenye akiba ya mbao ngumu aliyokuwa ameikausha chini ya kitanda chake miaka miwili, akiiweka kwa ajili ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Alizipima mara tatu, akazipiga randa, akazitoboa, akazipanga kando ya tela. Kilichobaki ni kukata bolti za zamani, ambazo kutu ilikuwa imezishika zikawa kitu kimoja na chuma. Hiyo ilikuwa kazi ya Cheche, kwa mashine yake ya kukatia.

Usiku ule jino la Kipimo, lililokuwa likimsumbua wiki nzima, likaamua kumaliza maneno. Alfajiri shavu lilikuwa limevimba hadi jicho moja halionekani. Dada alimfunga kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, akamsukuma ndani ya pikapu ampeleke kung'oa. Gari lilipokuwa linatoka uwanjani Kipimo alitoa kichwa dirishani, akamwonyesha Cheche tela.

"Za M," alisema, na maneno mengine yote yakabaki ndani ya shavu. Aliinua vidole vinne, akapunga mkono kama anayefagia.

"Nimekusoma, mzee!" Cheche alimjibu, huku anacheka kitambaa.

Hakuwa amemsoma. Baada ya muda kidogo alikuja dukani kwangu kuchukua bolti. Nilikuwa nabishana na bwana mmoja aliyerudisha kufuli alilolivunja mwenyewe, na damu ilikuwa imenipanda.

"Misumari," Cheche akasema, "hivi hii M ya Kipimo ni ya nini? Kaniungurumia tu pale."

Nami, bila kugeuza shingo, nikamjibu, "Ya mzima! Ulidhani ya nini, ya mama mkwe wako?"

Cheche alicheka. Hata yule bwana wa kufuli alicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi.

Naomba nieleweke hapa, maana sitaki kujipunguzia. Kipande chochote cha ubao alichokikataa Kipimo kilirushwa kwenye lundo kando ya uzio, na kila kimoja kilikuwa na M ya chaki. Lundo lile ndilo lililokuwa kuni zangu. Nimewasha jiko langu kwa M zake miaka kumi na mmoja. Kama kuna mtu chini ya jua aliyejua M ya Kipimo ni ya mbovu, ni mimi. Nilijua kwa mikono, nilijua kwa macho, lakini mdomo wangu haukunisubiri.

Cheche akaenda kufanya kazi yake. Mashine ililia, cheche zikaruka, nami nikaendelea na wateja. Alizing'oa mbao zisizo na alama kwa mtaimbo, moja baada ya nyingine, akahema.

"Mbona nzito hivi?" nilimsikia akilalamika kwa ng'ambo ya mabati. "Mbovu gani hizi?"

"Zimekunywa maji miaka sita!" nikampigia kelele. "Ungekuwa wewe ungekuwa mwepesi?"

Akacheka tena.

Kufikia saa nane mchana mbao mpya zilikuwa zimekaa na bolti zimekazwa. Aliingia chini kukaza nati, ndiyo, lakini chini kulikuwa na matope makavu ya unene wa kidole, na macho yake, nimeshasema, yalikuwa ya chuma. Kisha akafanya jambo la kiungwana ambalo hakuagizwa: akachukua oili chafu ya gari, akaipaka sakafu yote kwa ufagio ili maji yasiingie tena. Mbao zote nane zikawa nyeusi sawasawa. Chaki ikapotea. Akaita vijana wawili wa mizigo, wakarudisha tangi.

Zile mbao nne alizozing'oa nilimwomba nitengenezee rafu dukani. Alinibebea mwenyewe, akaziegemeza nyuma ya duka.

Kipimo alirudi saa kumi, mdomo umejaa pamba. Aliizunguka tela. Alinyoosha mkono agonge ubao, akakuta oili mbichi, akaurudisha. Akamtazama Cheche.

"M?" aliuliza.

"Za M usiwe na wasiwasi, mzee."

Kipimo aliitikia kwa kichwa, lakini hakutosheka, nilimwona. Alipiga goti moja aingie chini. Damu ikaanza kumchuruzika pembeni ya mdomo, na dada akamshika ukosi wa shati.

"Wee! Hujasikia umeambiwa ulale? Tela haikimbii!"

Akamwinua kama mtoto. Mtu aliyepima kila kitu mara tatu maisha yake yote, siku ile hakupima hata mara moja.

Lile pengo la jino liliingia uchafu, homa ikamlaza. Dada alirudi barabarani kesho yake. Siku ya pili jioni alisema sakafu inanesa kidogo, hasa nyuma, na tukakubaliana kwamba mbao mpya zinahitaji muda zikae. Siku ya tano asubuhi niliona kirundo cha unga mweusi, umelowa, pale tela ilipolala. Nilidhani ni vumbi la mbao lililobaki, nikaufagia. Siku ya sita kirundo kilikuwepo tena, kikubwa kidogo. Nikakifagia pia, nikimsuta Cheche moyoni kwa uchafu wake.

Siku ya saba nilimpelekea Kipimo uji. Alikuwa amelala karibu na dirisha. Dada aliwasha pikapu, tela ikapita nje ikiwa imejaa maji, na mgonjwa akainua kichwa kutoka kwenye mto. Akakiinamisha upande, vile vile anavyofanya akigonga ubao.

"Hiyo sauti si ya mbao zangu," alisema. Maneno yalikuwa bado mazito mdomoni.

"Homa hiyo, shemeji. Kunywa uji."

"Nikiamka nitaingia chini."

"Utaingia. Kunywa kwanza."

Siku ya nane, saa nne asubuhi, hakukuwa na wateja, nikasema leo naifunga rafu yangu. Nilichukua ubao mmoja, nikauweka juu ya stuli mbili, nikachukua msumari wa inchi tatu na nyundo. Msumari ulipinda. Nikachukua wa pili, ukapinda. Niliitukana misumari, bidhaa yangu mwenyewe. Wa tatu uliingia kidogo sana, ukalia, ukagoma.

Nikaweka nyundo chini. Niliugeuza ubao, nikakwangua matope kwa kisu. Chini yake palikuwa pekundu, pakavu, panang'aa. Nilikwangua wa pili. Nilikwangua wa tatu. Sikuhitaji kuufikia wa nne. Ubao mbovu haupindi msumari.

Palepale kwenye kona, ndani ya boksi la kuni, kilikuwepo kipande nilichopanga kupikia mchana. Kilikuwa na M.

Nilisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya mzaha, ikisema ya mzima. Halafu nikatoka mbio. Sikufunga duka, sikuvaa viatu, na nyundo nilikuwa nimeiokota tena bila kujua.

Saa kama ile dada huwa mtaa wa tatu, karibu na fundi cherehani mwenye mlango wa buluu. Nilipokata kona nilimwona. Pikapu ilikuwa imesimama, wanawake wanne wamejipanga na ndoo zao, na yeye yuko juu, ameinama kwenye bomba, anacheka na mtu. Alikuwa amesimama kwenye ubao wa nane, wa mwisho kabisa. Huo ulikuwa mpya. Hapo alipokuwa, alikuwa salama.

"Dada!" nikapiga kelele. "Shuka! Shuka hapo!"

Akanyanyuka. Aliniona peku, nyundo mkononi, nalia, na bila shaka alidhani mumewe amekufa. Akasogea mbele hatua moja ashike tangi asianguke.

Hatua hiyo ilikuwa ubao wa saba. Haukutoa mlio wa kuvunjika. Ulikatika polepole, kama mkate uliolowa, na mguu wake ukazama hadi pajani. Alishika tangi kwa mikono miwili ili ajivute juu. Kisha ubao wa tano, chini ya tangi, ukafuata, na tangi likainama upande wake.

Bomba lilikuwa bado liko wazi. Wakati tunahangaika na mtaimbo, wanaume wanapiga kelele, dada hapigi kelele tena, maji yaliendelea kumiminika kwenye ndoo ya mtu, yakajaa, yakafurika.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Kipimo alipopata nguvu ya kusimama jambo la kwanza alilofanya ni kumchongea magongo. Alimpima mara saba. La pili, aliacha herufi. Ukiingia karakana sasa utakuta maneno mazima kwenye kila ubao, MBOVU, MZIMA, JUU, kwa herufi kubwa kama za mtoto anayejifunza. Kila aliyekuja kumpa pole mkewe aliambiwa neno lile lile: "Mkono huu ndio ulioandika." Alikuwa akiuinua, ule usio na kucha gumbani, ingawa chaki huishika kwa mkono mwingine.

Cheche alikuja siku ya tatu, akasimama mlangoni, akasema, "Nilidhani M ni mzima." Hakusema zaidi. Wiki hiyo hiyo alifunga mashine yake akahamia mbali na sisi. Nilisubiri anitaje. Kila nikisikia hatua nje nilijua ndiyo habari yenyewe inakuja. Haikuja.

Badala yake alikuja Kipimo. Alikuwa akikaa kwenye stuli mbele ya kaunta yangu, jioni, baada ya kazi, na kuzungumza kuliko alivyowahi kuzungumza.

"Kinachoniuma ni kwamba hakuuliza," alisema. "Angeuliza mtu tu. Angekuuliza wewe, shemeji, hatua kumi kutoka pale. Wewe kuni zangu zote unazijua. Ungemwambia."

Nami niliitikia kwa kichwa.

Niliitikia miezi saba. Nilimpikia dada, nilimfulia, nilimwogesha, nikawa mdogo mtu ambaye mtaa mzima unamsifu. Zile mbao nne nilizifunika kwa turubai nyuma ya duka, na sikupita upande ule giza likiingia. Dada akiniambia, "Wewe siku hizi umekuwa kimya, hata mdomo wako umepungua," nilimwambia ni uchovu.

Halafu Cheche akaja. Ilikuwa siku ya mapumziko, mchana, tumekaa barazani kwa dada. Alikuwa amekonda. Alisema hawezi kufanya kazi, akishika mashine anaona tela, na amekuja kuomba radhi mbele ya mwenye mguu wake. Dada alimkaribisha aketi. Kipimo hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Radhi nitakupa," Kipimo alisema. "Lakini nijibu jambo moja, nilale. Kwa nini hukuuliza?"

Cheche alitazama chini. Kisha akanitazama mimi, si kwa muda mrefu, na hakukuwa na lawama usoni mwake. Niliona anajiandaa kulibeba tena.

"Nilidhani tu, mzee," akasema.

Aibu iliyonipata pale sijawahi kuipata.

"Aliuliza," nikasema.

Kipimo akageuka. "Alimuuliza nani?"

"Mimi. Nikamwambia ni ya mzima. Nilikuwa nataka acheke."

Dada alikuwa akiinyoosha nguo yake juu ya goti, akiinyoosha na kuinyoosha tena. Mwisho alisema, "Nipeni magongo yangu," akasimama, akaingia ndani, tukasikia gongo, gongo, gongo hadi chumbani, na mlango ukafungwa.

"Mbao ziko wapi?" Kipimo aliuliza.

Nilimpeleka nyuma ya duka. Alitoa turubai, akazigonga moja moja, ameinamisha kichwa. Zote nne zilimwitikia. Alizibeba mbili mbili begani mpaka uwanjani, na wiki hiyo akazirudisha kwenye tela, mahali pale pale zilipotoka. Ameajiriwa dereva; dada hukaa mbele, bila kupanda nyuma. Sasa tela ina mbao nane nzima.

Dada alinisamehe baada ya muda, au ameamua kuishi hivyo. Ananituma dukani, ananigombeza, tunakula pamoja. Kipimo naye hakunigombeza hata siku moja. Ananiamkia vizuri kila asubuhi: "Habari za kuamka, mama." Zamani angesema shemeji, angeuliza nani aliyeufungua mdomo wangu mapema hivi. Nikimrushia neno kupitia mabati, randa inasimama kidogo, kisha inaendelea.

Juzi alihitaji misumari. Nilimwona anakuja, nikatayarisha mzaha, mzuri tu, kuhusu watu wanaopima hata misumari. Hakuniachia nafasi. Aliweka karatasi juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua moja, akangoja kwa adabu kama mteja mgeni. Nikaisoma. MISUMARI YA INCHI TATU, ISHIRINI. GUNDI YA MBAO, KOPO MOJA. Alikuwa ameandika kila neno hadi herufi yake ya mwisho, ili nisikosee.